Msiuze Gitaa kwa Sababu ya Mlio

Magitaa mazima yanauzwa kwa bei ya kutupa hapa Dar es Salaam, na sababu inayotolewa ni moja: yakichomekwa transmita ya wayalesi, yanalia. Nimeona besi ya nyuzi tano iliyonunuliwa kwa harambee ya kwaya ikiondoka hivyo. Nimeona gitaa kavu lenye vitufe na betri ubavuni, na hata udi wa taarabu uliobandikwa kinasa sauti, vikihukumiwa vivyo hivyo. Kamati inakaa, inakubaliana kwamba chombo ni kibovu, inachangisha tena, inanunua kingine. Kingine nacho kikichomekwa, mlio uko palepale.

Nasema kwa uzito wote: fedha hizo zinapotea bure. Katika visa vingi nilivyoitiwa, gitaa lilikuwa zima, transmita ilikuwa nzima, na mpigaji hakuwa na kosa lolote. Tatizo lilizaliwa pale vifaa hivyo viwili vilipokutana, na dawa yake ilikuwa rahisi mno ukilinganisha na bei ya chombo kipya. Kinachokosekana ni fundi kupewa nafasi ya kuuliza mlio unaingilia wapi, kisha kulifuata jibu hatua kwa hatua.

Mimi ni fundi mitambo. Ufundi niliupata Tanga, kwenye kibanda cha mjomba wangu cha kutengeneza redio, Barabara ya Kumi na Mbili. Mjomba hakumruhusu mtu kubadilisha kifaa kabla hajaeleza kwa nini anakibadilisha. Redio ikikoroma, alitutaka tuanzie kwenye spika na kurudi nyuma, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka tufike pale mkoromo unapoanzia. Utaratibu huo ndio ninaoutumia hadi leo kwenye makanisa, kumbi za harusi na majukwaa ya dansi, na haujanitupa.

Chukua kisa cha kanisa moja upande wa Mbagala. Niliitwa kwa sababu besi ilikuwa ikitoa mlio mwembamba, nziii, usiokoma hata mpigaji akizifunika nyuzi zote kwa kiganja. Mzee wa kamati alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Usijisumbue sana na gitaa hilo, tumeshakubaliana liuzwe. Tunachotaka utushauri tununue lipi."

"Naomba kwanza nilisikilize, mzee. Nikimaliza, kamati itaamua."

Nilimwomba kijana wa besi achomoe transmita, tukapitisha waya wa kawaida kutoka kwenye gitaa hadi kwenye mikisa. Mlio haukusikika. Nikaichukua transmita ileile na kuichomeka kwenye gitaa la solo, la zamani, lisilo na betri. Napo haukusikika. Kufikia hapo tulikuwa tumejua mambo mawili makubwa bila kufungua skrubu hata moja: besi peke yake hailii, na transmita peke yake hailii. Tulipozikutanisha tena, mlio ukarudi. Kijana akateremsha kitufe cha sauti cha besi hadi chini kabisa, mlio ukabaki vilevile. Maana yake ulikuwa ukiingilia baada ya kitufe hicho, kwenye priampu yenyewe, ile saketi ya betri iliyomo ndani ya besi. Ndipo nikatoa kipande cha waya wa gitaa cha nusu mita hivi, chenye plagi upande mmoja na tundu upande wa pili. Plagi ikaingia kwenye besi, transmita ikaingia kwenye tundu, nikaifunga kwa utepe juu kwenye mkanda wa gitaa, nyuma ya bega. Kijana akapiga, na tukasikia besi tupu.

"Kwa hiyo tungeliuza bure?" mzee akauliza.

"Mngeliuza bure, mzee. Na jipya lingelia pia, maana mlilokuwa mnalitaka nalo lina betri."

Sababu ya mlio huo inaeleweka, na mwanamuziki yeyote anaweza kuifahamu. Gitaa la umeme la mtindo wa zamani lina sumaku, koili za waya, vitufe na kapasita. Halina transista ndani yake. Gitaa lenye priampu lina saketi ndogo inayokula betri, mara nyingi ya volti 9, na kazi yake ni kuikuza na kuirekebisha sauti kabla haijatoka. Mtindo huu umekuwepo kwa muda mrefu: besi ya Music Man StingRay, iliyotoka mwaka 1976, ni miongoni mwa besi za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa na priampu ndani. Kwenye gitaa kavu na kwenye udi, priampu inahitajika zaidi, kwa kuwa kinasa sauti cha piezo kinachokaa kwenye daraja hutoa umeme hafifu usiostahimili safari ya waya mrefu.

Zile transmita ndogo zinazochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, nyingi hufanya kazi kwenye masafa ya 2.4 gigahezi. Aghalabu hazirushi mawimbi mfululizo. Huigeuza sauti kuwa namba, huzifunga namba hizo katika vifurushi, kisha huvirusha kwa vishindo vya haraka, mamia ya mara kwa sekunde au zaidi. Sikio halisikii mawimbi ya 2.4 gigahezi, na spika haiwezi kuyatoa. Lakini transista ya priampu ikipigwa na mawimbi hayo kutoka sentimita chache, hufanya kazi ya redio bila kuombwa: huyadaka na kuyageuza kuwa umeme wa sauti, na kinachotoka ni mdundo wa vile vishindo. Mdundo wa kasi hiyo sikio huusikia kama mlio. Kila aliyewahi kuweka simu karibu na redio anaukumbuka ule mkoromo wa tit-tit-tit unaotangulia simu kuita. Simu ya GSM hurusha vishindo vyake takribani mara 217 kwa sekunde, na saketi ya redio huvigeuza kuwa sauti. Kwenye besi ya Mbagala lilikuwa jambo lilelile, ila chanzo cha mawimbi kilikuwa kimechomekwa kwenye ubavu wa gitaa.

Umbali ndio ulioleta dawa. Wimbi la 2.4 gigahezi lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na robo yake ni sentimita 3. Vijiwaya vilivyomo ndani ya gitaa vina urefu wa namna hiyohiyo, kwa hiyo vinageuka antena nzuri bila ya aliyeviweka kukusudia. Nguvu ya mawimbi nayo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiisogeza transmita kutoka sentimita 5 hadi sentimita 50, kinachoifikia priampu kinabaki takribani sehemu moja kati ya mia. Ukiongeza pete ya feraiti, kile kivimbe cheusi tunachokiona kwenye nyaya za kompyuta, karibu na plagi inayoingia kwenye gitaa, unayapunguza pia mawimbi yanayotambaa juu ya waya wenyewe.

Yapo magitaa yanayoendelea kulia hata baada ya hapo. Hayo hutibiwa ndani. Shimo la priampu hufunikwa kwa foili ya shaba iliyounganishwa na waya wa ethi wa gitaa, na kapasita ndogo, pikofaradi 100 hivi, huwekwa pale mawimbi yanapoingilia priampu, miguu yake ikiwa mifupi iwezekanavyo. Kazi hiyo apewe mtu wa elektroniki anayeijua. Gitaa la kwaya si mahali pa kujifunzia kulehemu.

Fundi asiishie kuujua mlio mmoja, kwa sababu kila kelele ina tabia yake na dawa yake. Sauti inayokwaruza kwenye noti nzito na kufifia kadiri ibada inavyoendelea, hiyo ni betri. Watu wengi hawajui kwamba tundu la gitaa la aina hii ndilo swichi ya betri: plagi ikiingia, priampu inawaka. Transmita ikiachwa imechomekwa usiku kucha, betri inaliwa usiku kucha, na Jumapili asubuhi gitaa linaonekana bovu. Pima betri kwa mita. Mimi ikishuka chini ya volti 8 naibadilisha. Zipo pia transmita ambazo plagi yake ina pete ya ziada na haiunganishi pale panapowasha priampu. Hapo gitaa linanyamaza au linatoa sauti ya mbali, nalo halina ugonjwa wowote.

Sauti inayochanika mpigaji anapozidisha nguvu, hiyo ni transmita kuelemewa. Priampu hutoa umeme mkubwa kuliko gitaa la kawaida, na transmita ya kidijitali ikijazwa kupita kiwango chake hukata ncha za sauti papo hapo. Dawa ni kuteremsha sauti kwenye gitaa, au kupunguza unyeti wa transmita kama ina sehemu hiyo, kisha kuipandisha kwenye mikisa.

Kwenye transmita za kiunoni nakutana na jambo jingine. Transmita hizi zilizotengenezwa kwa maiki ya kichwani hutoa umeme mdogo, mara nyingi volti 5 hivi, wa kuiwasha maiki. Mtu huukata waya wa maiki, akalehemu plagi ya gitaa, akachomeka. Ule umeme wa maiki unaingia mahali ambapo priampu inatoa sauti, na matokeo ni mikwaruzo na mivumo. Waya wa gitaa wa transmita ya kiunoni umeungwa kwa namna yake, na unauzwa. Nunueni ule wa transmita yenu, msiunge wa kubahatisha.

Kama kelele inatoka upande wa risiva, angalieni chaja. Risiva nyingi ndogo hulishwa kwa waya wa USB, na chaja ya simu ya bei rahisi hupenyeza mlio wake moja kwa moja kwenye mikisa. Ilisheni risiva kwa betri ya akiba ya simu kwa dakika moja. Mlio ukiondoka, mmempata mwenye kosa. Na kama sauti inakatikakatika bila mlio, msilaumu priampu wala chaja. Masafa ya 2.4 gigahezi ni uwanja wa wote: wamo Wi-Fi, Bluetooth na simu za waumini wanaorusha ibada mtandaoni. Miili ya watu nayo hunyonya mawimbi hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili ni maji. Ndiyo maana mazoezi ya Jumamosi huenda vizuri na Jumapili ukumbi ukijaa mambo hubadilika. Inueni risiva juu ya vichwa vya watu, ionane na mpigaji.

Wapo wanamuziki wakongwe, ninaowaheshimu sana, wanaosema tuachane na wayalesi, turudi kwenye waya. Waya ni kitu cha heshima, na mahali ambapo mpigaji anakaa kwenye kiti chake usiku mzima sioni sababu ya kumvua. Lakini wayalesi haikuja kwa ajili ya mbwembwe peke yake. Mei 1972, jijini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani kwa umeme alipogusa maiki huku ameshika gitaa. Desemba 1976, kule Lakeland, Florida, Ace Frehley wa KISS alipigwa na umeme alipogusa chuma cha ngazi ya jukwaa, na bendi hiyo ikahamia kwenye wayalesi ya mhandisi Ken Schaffer wa New York. Sisi tunaofunga mitambo kwenye kumbi zisizo na ethi, kwa jenereta na nyaya za kuungaunga, tunawajua wapigaji waliorushwa na umeme midomo yao ilipogusa maiki. Wayalesi hukata njia hiyo kati ya mwili wa mpigaji na amplifaya. Ethi ya jengo lazima itengenezwe hata hivyo, lakini mpaka itakapotengenezwa, siwezi kumwambia kijana wa watu arudi kwenye waya kwa sababu tu mlio umetushinda.

Wapo pia wanaosema dawa ni kununua wayalesi ya bei kubwa. Bei haijui transmita itachomekwa kwenye gitaa gani. Kifaa ghali kinachokaa sentimita tatu kutoka kwenye priampu kinaweza kulia, na cha kiunoni cha bei ya kati kisilie, kwa sababu kinakaa mbali na kinafikiwa kwa waya. Hata idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), inayohitajika kwa vifaa vya redio vinavyoingizwa nchini, inahusu mambo kama masafa na nguvu ya mawimbi. Ni muhimu, na msinunue kifaa kisichokuwa nayo, lakini haikuahidi kwamba besi yenu itanyamaza. Hakuna wa kulijibu swali hilo ila masikio yenu, gitaa lenu likiwa mkononi.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wenye maduka ya vyombo, wa Kariakoo na kwingineko. Mruhusuni mteja aje na gitaa lake na alijaribu na transmita kabla ya kulipa. Wekeni dukani gitaa moja lenye priampu kwa kazi hiyo, na uzeni kile kipande cha waya cha nusu mita pamoja na transmita. Mteja aliyenunua kitu kilichofanya kazi hurudi, naye huleta wenzake.

La pili ni kwa wanaofundisha. VETA inatoa mafunzo ya umeme na elektroniki, TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa za jukwaa, na Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha udi, kanuni na vyombo vingine tangu 2002. Katikati ya hawa pana pengo: kijana anayejua saketi hajui jukwaa, na anayejua jukwaa hajui saketi. Kozi fupi ya vifaa vya sauti, yenye mita mkononi na magitaa mezani, ingeokoa mali nyingi za vikundi vyetu. Mafundi tupo tulio tayari kuja kufundisha.

La tatu ni kwa kamati za kwaya, viongozi wa bendi na wenye kumbi. Mpeni fundi muda. Fundi anayeitwa ibada ikiwa imeshaanza hawezi kutafuta chanzo. Anaweza kuchomoa na kuchomeka tu, na hapo ndipo gitaa zima linapopata jina baya. Siku ya mazoezi mwacheni abaki na mitambo ukumbi ukiwa mtupu. Kwenye bajeti wekeni betri za akiba, mita, waya mzuri na kile kipande cha nusu mita kabla ya kuandika chombo kipya. Na mpigaji asilaumiwe mbele ya watu kwa kelele ambayo mikono yake haijaifanya. Nimeona vijana wenye kipaji wakiacha kupiga kwa sababu ya aibu hiyo, na hasara ya namna hiyo haina duka la kuifidia.

Siku kamati itakapokaa kuamua kuuza chombo chochote chenye betri, fundi aitwe ajibu maswali manne mbele ya wote. Kwa waya wa kawaida kinalia? Transmita hiyohiyo ikichomekwa kwenye gitaa lisilo na betri, inalia? Betri ina volti ngapi? Transmita ikisogezwa nusu mita, mlio unabaki? Swali lolote kati ya hayo likikosa jibu, ajenda ya kuuza iahirishwe, fundi arudi kwenye mitambo akalitafute.